Sasisho Lililovuruga Kazi: Maswali ya Wasomaji wa Lamu na Majibu Yake

Barua tulizozichagua mwezi huu zote zimetoka Lamu na visiwa vya jirani, na ingawa waandishi wake hawajuani, malalamiko yao ni ya aina moja: kompyuta ilikuwa ikifanya kazi ipasavyo, likaingia sasisho, na kitu ambacho mtu amekitegemea kwa miaka kikatoweka au kikaanza kwenda kombo. Nimezifupisha barua hizo bila kugusa kiini cha maswali. Baadhi ya majibu ni marefu kwa sababu tatizo lenyewe lina mizizi mirefu.

Assalamu alaikum. Mimi ni mwalimu wa chuo cha Kurani hapa Langoni, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikinakili tenzi za wazee wetu kutoka kwenye karatasi kuukuu hadi kwenye kompyuta, kwa hati zile zile za Kiarabu walizoziandikia. Mpwa wangu alinitengenezea kibodi ya Kiarabu iliyoongezwa herufi za p, v na ch, ambazo Kiarabu hakizitumii, nami nilizipata kwa kushikilia kitufe kimoja cha upande wa kulia. Hivi karibuni nilipandisha Ubuntu, yaani mfumo wa Linux unaoiendesha kompyuta yangu, kutoka toleo la 20.04 hadi 22.04 baada ya kuarifiwa kwamba la zamani limemaliza muda wake. Tangu siku hiyo kitufe hicho hakileti kitu, na neno kama “pepo” siwezi kuliandika. Nilihamia Ubuntu kwa kuwa nilielezwa kwamba programu huria hazimsumbui mtu. Je, kazi yangu imepotea? — Maalim, Langoni

Wa alaikum salaam, Maalim. Kazi yako haijapotea, na nakuomba usifute wala usiandike upya chochote. Tenzi ulizokwisha kuzinakili zimehifadhiwa herufi kwa herufi ndani ya faili, na herufi hizo hazitegemei kibodi iliyotumika kuziingiza. Kilichovunjika ni njia ya kuziingiza peke yake, nayo inarudishika leo hii.

Toka kwenye akaunti yako hadi uone ukurasa wa kuingilia. Bofya jina lako, na kabla ya kuandika nywila tazama pembe ya chini upande wa kulia: kuna alama ndogo ya gurudumu lenye meno. Ibofye, uchague “Ubuntu on Xorg”, kisha uingie kama kawaida. Ikiwa faili aliyoitengeneza mpwa wako bado ipo mahali pake, kitufe chako kitaamka.

Sababu yake inafaa kuelezwa, kwa kuwa ukiijua hutashtuka mara ya pili. Kwa miaka mingi kompyuta za Linux zilichora madirisha yake kwa kutumia mfumo uitwao X, ulioanza mwaka 1984 katika chuo cha MIT nchini Marekani, na toleo lake la kumi na moja, linalotumika hata sasa, lilitoka mwaka 1987. Mfumo huo uliandikwa katika zama ambazo programu zilizokaa kwenye skrini moja ziliaminiana kabisa, hivyo programu yoyote iliruhusiwa kusikiliza vitufe vinavyobonyezwa katika dirisha la mwenzake na kuibadilisha kibodi kwa ajili ya wote. Faili ya mpwa wako iliutumia uhuru huo kwa nia njema. Lakini uhuru huo huo unamwezesha mwizi kuisoma nywila yako unapoiandika, na ndiyo miongoni mwa sababu zilizowafanya waandishi wa programu waanze mwaka 2008 kujenga mfumo mwingine uitwao Wayland, ambao kila dirisha ndani yake linasikia vitufe vyake tu. Ubuntu iliujaribu Wayland kama chaguo la kwanza mwaka 2017, ikarudi kwa X mwaka uliofuata, kisha ikauleta tena mwaka 2021. Kwa hiyo mtu aliyetoka 20.04 na kuingia 22.04 alivuka mpaka huo kwa hatua moja, na katika kompyuta nyingi hakuulizwa.

Nami nasema wazi kwamba sababu ya mabadiliko hayo ni njema na namna yalivyomfikia Maalim si njema. Programu ya kupandisha toleo ina uwezo wa kuiona faili ya kibodi iliyotengenezwa kwa mkono, na isingekuwa taabu kubwa kumwonyesha mwenyewe sentensi moja ya kumtahadharisha kwamba faili hiyo haitasomwa tena. Mtu aliyejitengenezea njia ya kuandika hati za babu zake hakukosea lolote. Alikitumia chombo kama kilivyomruhusu.

Xorg, yaani ule mfumo wa zamani wa X, ni maficho ya muda. Toleo la Ubuntu la 25.10, lililotoka Oktoba 2025, halina tena chaguo hilo. Toleo la 24.04 bado linalo, nalo litaendelea kupokea marekebisho ya usalama hadi mwaka 2029, kwa hiyo unayo nafasi ya kutosha ya kujipanga. Mwombe mpwa wako aiandike kibodi yako upya kama mpangilio kamili wa vitufe, na auweke ndani ya folda yako ya nyumbani, katika folda iliyofichwa iitwayo .config, kisha ndani yake folda ya xkb. Huko Wayland huisoma. Vijana wengi hupenda kuuhariri mpangilio wa mfumo mzima ulioko katika /usr/share/X11/xkb kwa kuwa ni rahisi zaidi, lakini folda hiyo ni mali ya mfumo, na sasisho lolote linaloigusa litaandika juu ya kazi yake bila kuuliza. Akimaliza, nakala ya mpangilio huo ikae katika flashi ile ile unayohifadhia tenzi, kwa sababu bila kibodi huwezi kuzisahihisha.

Ama hilo la kwamba programu huria hazimsumbui mtu, aliyekuambia alikupunguzia habari. Mwezi wa Aprili 2011 waandishi wa GNOME, ambayo ndiyo sura ya Ubuntu yako ya leo, walitoa toleo la tatu lililoondoa upau wa madirisha, menyu ya zamani na hata kitufe cha kushusha dirisha, na watu wengi walijiona wageni katika kompyuta zao wenyewe. Kabla yao, Januari 2008, wenzao wa KDE, ambayo ni sura nyingine ya kompyuta za Linux, walitoa toleo la 4.0 lililokosa mambo mengi yaliyokuwamo katika la tatu. Tofauti ilionekana katika kilichofuata. Kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, watu walioipenda GNOME ya pili waliuchukua na kuuendeleza kwa jina la MATE, na wale wa Linux Mint wakajenga Cinnamon kwa ajili ya watu waliotaka upau na menyu waliyoizoea. Zote mbili zipo hadi leo. Programu huria inakupa haki ya kuendelea na kile unachokitaka, mradi apatikane mtu wa kuifanya kazi hiyo.

Mimi ni mtunza hesabu wa nyumba ya wageni hapa Shela. Nilikuwa na Windows 10, na upau wenye alama za programu niliuweka upande wa kushoto wa skrini, kwa sababu skrini ya laptopu ni pana lakini fupi na jedwali la wageni lina safu nyingi za kuteremka. Mwezi uliopita nilikubali kuhamia Windows 11. Upau umeshuka chini na haupandi. Isitoshe, majedwali yangu yote manne yamejificha nyuma ya alama moja, na mgeni akisimama mbele yangu natafuta lake kwa kubahatisha. Je, naweza kurudi nilikotoka? — Mtunza hesabu, Shela

Dada yangu, nianze na hilo la majedwali kwa kuwa lina dawa kamili. Bofya upau kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua mipangilio yake, uteremke hadi sehemu ya tabia za upau, utafute mstari unaosema “Combine taskbar buttons and hide labels”, na uchague “Never”. Kila jedwali litapata kitufe chake chenye jina lake. Chaguo hilo halikuwapo Windows 11 ilipotoka tarehe 5 Oktoba 2021. Lilirudishwa mwaka 2023 baada ya watumiaji kulidai kwa muda mrefu. Hali ilikuwa hiyo hiyo kwa uwezo wa kuburuta faili hadi juu ya alama ya programu katika upau, kusubiri dirisha lake lifunguke, kisha kuiachia humo, kama mtu anavyofanya anapotaka kuambatisha picha ya pasipoti kwenye barua pepe. Uliondolewa, ukarudi Septemba 2022. Kama kompyuta yako ina masasisho ya karibuni, vyote viwili unavyo.

Upau wa pembeni ni habari nyingine. Katika Windows 11 upau uliandikwa upya tangu mwanzo, na kila kilichokuwa katika ule wa zamani kililazimika kutengenezwa tena au kuachwa. Mwaka 2022 wahusika wa bidhaa hiyo walieleza hadharani kwamba wanaouweka upau pembeni ni wachache wakilinganishwa na wenye haja nyingine, na kwamba kuzifanya programu zote zijipange upya skrini inapobadilika upana ni kazi kubwa mno. Matoleo ya mwaka 2022, 2023 na 2024 yalitoka bila kulirudisha jambo hilo.

Hoja ya uchache hainiridhishi. Mtu hasogezi upau kwa kucheza; anausogeza kwa sababu kazi yake imemfundisha kwamba anahitaji safu kadhaa zaidi mbele ya macho yake. Hao wachache ndio waliokichunguza chombo kwa makini hadi wakakipatanisha na kazi, na kuwavunja moyo ni kumwadhibu mtu kwa bidii yake. Seremala wa jahazi akirudi baada ya chakula cha mchana akakuta msumeno wake umefungwa mpini mpya asioweza kuugeuza, hatafarijika kwa kuambiwa kwamba maseremala wengi hawaugeuzi.

Kuhusu kurudi, Windows hukuruhusu kuligeuza toleo jipya kwa muda wa siku 10 tu tangu siku ya kupandisha, na baada ya hapo folda iitwayo Windows.old, inayobeba mfumo wa zamani, hufutwa. Mwezi umekwisha, kwa hiyo mlango huo umefungwa. Hata ungekuwa wazi, Windows 10 iliacha kupewa marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta inayoweka habari za pasipoti za wageni haifai kukaa katika mfumo usiotunzwa.

Nakushauri hivi. Katika mipangilio ile ile ya upau, washa chaguo la kuuficha pale usipotumika. Utaibuka ukiusogelea kwa kipanya. Halafu katika Excel bonyeza Ctrl na F1 kwa pamoja, na ule utepe mpana wa amri ulioko juu utajikunja. Kwa hatua hizo mbili utapata safu nyingi kuliko ulizokuwa nazo awali. Zipo pia programu za watu wengine zinazourudisha upau wa zamani, kama ExplorerPatcher na StartAllBack. Zinafanya kazi, lakini zimejengwa juu ya sehemu za ndani ambazo mwenye mfumo huzibadilisha apendavyo, na Windows 11 ya mwaka 2024 ilikataa kuingia katika kompyuta zilizokuwa na baadhi ya matoleo yake. Kwa kompyuta ya nyumbani ningesema jaribu. Kwa kompyuta inayobeba hesabu za wageni, sishauri.

Nina saiba hapa Mokowe, na mwezi wa Juni wateja hujazana kujaza marejesho ya kodi kabla ya tarehe 30. Fomu ni jedwali la Excel lenye makro, yaani amri zinazojiendesha zenyewe. Siku hizi nikiipakua kutoka mtandaoni, utepe mwekundu unatokea juu na vitufe vya kukagua na kutayarisha faili havifanyi kitu. Ajabu ni kwamba mteja akija na fomu ile ile katika flashi, inafunguka bila shida. Nifanye nini? — Mwenye saiba, Mokowe

Umeliangalia jambo hili kwa jicho la fundi, kwa sababu hiyo tofauti ya flashi ndiyo inayofichua siri yote.

Windows inapopakua faili kutoka mtandaoni huibandika alama isiyoonekana, kando ya faili yenyewe, inayosema kwamba imetoka nje. Mwaka 2022 Microsoft ilitangaza kwamba Office, yaani kundi la programu zake zikiwemo Excel na Word, itazizuia makro za faili yoyote yenye alama hiyo. Ilitangaza Februari, ikasitisha mpango mwanzoni mwa Julai kwa malalamiko ya watumiaji, kisha ikauendeleza mwishoni mwa mwezi huo huo. Zamani palikuwa na utepe wa manjano wenye kitufe cha kuruhusu. Ule mwekundu hauna kitufe hicho. Flashi nyingi zimepangwa kwa mtindo wa FAT32 au exFAT, na mitindo hiyo haina mahali pa kuihifadhi alama. Fomu ikipita huko hudondosha alama yake njiani, na Office huiona kama faili iliyozaliwa hapo hapo.

Njia sahihi ni fupi. Bofya faili kwa kitufe cha kulia, fungua “Properties”, na chini kabisa ya ukurasa wa kwanza weka alama katika kisanduku cha “Unblock”, kisha ukubali. Kama fomu imekuja ndani ya zipu, fanya hivyo kwa zipu yenyewe kabla ya kuifungua, kwa sababu ukiifungua kwanza kila faili iliyomo huirithi alama.

Usiache kusoma hapa, kwa kuwa saiba yako ni mahali ambapo flashi za mji mzima hupita. Makro zilizuiwa kwa sababu ya madhara ya kweli: tangu kirusi cha Melissa cha Machi 1999, kilichosafiri ndani ya hati ya Word kupitia barua pepe, wezi hawajaacha kuutumia mlango huo. Fungua kizuizi kwa fomu uliyoipakua wewe mwenyewe kutoka katika tovuti rasmi, na kwa hiyo tu. Mteja akikuletea fomu katika flashi, ichukulie kuwa haijakaguliwa na mtu, umpakulie nyingine mpya. Na tafadhali usikubali ushauri wa kulegeza kinga ya makro kwa kompyuta nzima, hata foleni ikiwa imefika barabarani.

Nina duka la fotokopi Mkomani. Mapema mwaka 2025 printa yangu ya waya wa USB ilianza kutoa karatasi zenye maandishi yasiyoeleweka, na mstari wa kwanza ukianza kwa “POST /ipp/print”. Ilipona yenyewe baada ya miezi kadhaa. Ilirogwa? — Mwenye duka, Mkomani

Haikurogwa. Masasisho ya Windows ya mwisho wa Januari 2025 yalikuwa na kasoro iliyozigusa printa za USB zinazoelewa namna mbili za kupokea kazi: ile ya kawaida ya USB, na ile itumiayo lugha ya mtandao kupitia waya. Amri za namna ya pili zilifika kwenye printa kama maandishi ya kuchapwa, nayo ikazichapa kwa uaminifu. Kasoro iliondolewa katika masasisho yaliyoanza kutoka mwishoni mwa Machi. Wino na karatasi zako hazitarudi, na hilo linasikitisha. Tatizo la aina hiyo likitokea tena, fungua historia ya masasisho katika mipangilio ya Windows, utazame lililoingia siku ile ile, na uliondoe hilo moja kabla ya kumlipa fundi afungue printa.

Baba yangu anaunda mashua Matondoni, nami humwandikia makisio na hati za malipo. Nimechoka na masasisho. Yanakula bando, yanakuja umeme ukiwa wa wasiwasi, na kila mara kuna kitu kimehama. Rafiki yangu ameyazima kabisa katika kompyuta yake na anasema anaishi kwa amani. Nami niyazime? — Kijana wa Matondoni

Usiyazime, ndugu yangu. Yatawale.

Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa rekebisho la kasoro moja ya Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo kirusi cha WannaCry kiliingia kwa kupitia kasoro ile ile, kikasambaa katika nchi nyingi ndani ya siku chache, kikazifunga faili za watu na kudai fidia, na hospitali kadhaa za Uingereza zikalazimika kuwarudisha wagonjwa. Rekebisho lilikuwa limekwisha kutoka miezi miwili kabla. Rafiki yako anaishi kwa amani kwa sababu zamu yake haijafika.

Lakini nawe una haki ya kusubiri, na tukio la mwaka 2018 linaeleza kwa nini. Windows 10 ya Oktoba mwaka huo ilianza kutolewa tarehe 2, na baada ya siku chache ikasimamishwa kwa kuwa ilifuta hati na picha za baadhi ya watu. Waliopata hasara walikuwa wale waliozihamishia folda zao katika diski nyingine. Sasisho liliziona folda za zamani kama mabaki matupu na kuzifagia, kumbe nyingine zilikuwa na faili ndani. Toleo lililorekebishwa lilitoka tarehe 13 Novemba. Aliyekawia mwezi mmoja na nusu hakupoteza kitu.

Kwa hiyo zitenganishe aina mbili za masasisho. Marekebisho ya usalama ya Windows hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, ambayo kwa saa zetu huwa ni kama saa mbili au saa tatu usiku, na kompyuta za pwani huanza kuyaona usiku huo au Jumatano. Hayo yacheleweshe wiki moja kwa kitufe cha “Pause updates”, kisha uyapokee. Katika wiki hiyo kasoro kubwa huwa zimekwisha kuonekana kwa wengine. Aina ya pili ni toleo jipya la mwaka, linalobadilisha sura na tabia ya kompyuta. Hilo lisubiri miezi, na usilikubali wakati baba yako ana mashua ya kukabidhi.

Kuhusu bando, fungua mipangilio ya mtandao unaoutumia na uutambulishe kuwa ni wa kulipia kwa kipimo, na Windows itaacha kupakua masasisho mengi hadi uiruhusu. Kuhusu umeme, usianzishe sasisho ukiwa na kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba siku ambayo taa zinafifia, maana kukatika katikati ya kazi hiyo ndiko kunakoiharibu Windows hadi isiwake. Na makisio ya baba yako yawe na nakala nje ya kompyuta, iwe ni flashi au diski ya nje, kabla ya sasisho lolote kubwa.

Mimi ni mwanafunzi wa Faza. Je, kuna faida yoyote mtu wa kisiwani kuwaandikia watengenezaji wa programu kwamba wameharibu kitu, au tunapoteza muda? — Mwanafunzi, Faza

Ipo faida, na pia upo ukweli mchungu ambao sitakuficha. Kasoro ya mwaka 2018 niliyoieleza hapo juu ilikuwa imeripotiwa na baadhi ya wajaribuji miezi kadhaa kabla ya toleo kutoka, kupitia njia rasmi ya kampuni yenyewe. Ripoti hizo hazikupata kura za kutosha za kuzipandisha juu, zikazama. Linaniuma jambo hilo kila ninapolikumbuka, kwa sababu mtu aliyefutiwa faili zake akajitaabisha kuandika alistahili kusomwa hata akiwa peke yake. Baada ya tukio hilo Microsoft iliongeza katika fomu ya ripoti mahali pa kueleza ukubwa wa madhara, ili ripoti moja yenye hasara kubwa isisubiri kura. Kipengele hicho kitumie.

Kwa upande mwingine, kitufe cha Start kilichoondolewa katika Windows 8 mwaka 2012 kilirudi katika 8.1 mwaka uliofuata, na yale majina ya madirisha niliyomweleza dada wa Shela yalirudi mwaka 2023, yote kwa kuwa watu hawakunyamaza. Katika programu huria njia ni fupi zaidi, kwa sababu orodha ya kasoro iko wazi kwa wote na mara nyingi atakayekujibu ni yule yule aliyeandika msimbo.

Ripoti inayofanyiwa kazi ni fupi na ina mambo manne: namba kamili ya toleo lako, hatua ulizofuata moja baada ya nyingine, kilichotokea, na kilichokuwa kikitokea kabla ya sasisho. Ongeza sentensi moja inayosema kazi gani imekwama. “Upau haufai” haimsaidii mtu. “Ninaingiza alama za wanafunzi katika jedwali lenye safu mia mbili, na tangu sasisho la tarehe fulani naona safu chache kuliko awali” humwonyesha mhandisi aliye mbali meza yako ilivyo. Kabla ya kuandika, tafuta kama mwingine amekwisha kuripoti jambo hilo hilo. Ukimkuta, uiunge mkono ripoti yake na uongeze maelezo yako chini yake badala ya kuanzisha mpya. Kiingereza chako hakihitaji kuwa cha kupendeza, na picha ya skrini iliyochukuliwa kabla na nyingine baada ya sasisho hueleweka katika lugha zote.